Sahani Iliyorudishwa Mara Tatu

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako, hata kama hukuzitaka. Naomba zikukute mzima wewe, shemeji na watoto, na goti lako la kushoto liwe limepunguza ukorofi. Najua kule kwa dobi unashinda umesimama mbele ya pasi, na goti lile halipendi kusimamishwa kama askari wa lindo. Tafuta kibao ukiweke chini ya meza, mguu mmoja ukae juu yake na mwingine chini, kisha ubadilishe. Huku nimewaona wapiga pasi wakifanya hivyo. Mimi mwili haujambo. Mengine utayasoma humu humu, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ningekuwa wewe ningeshabadilisha namba. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, mimi ambaye tangu shuleni barua zangu zote uliniandikia wewe huku ukinicheka mwandiko. Bahasha nimeiandikia anwani ya kwa dobi, maana nyumba mliyohamia siijui. Miaka mitano sasa, na sijui hata mlango wa mdogo wangu una rangi gani.

Mwanetu hajambo. Nasema mwanetu kwa kuwa wewe ndiye uliyembeba mgongoni nilipokuwa nashinda jikoni, na hata leo akiudhika humwita mama mdogo kabla hajaniita mimi. Anafundisha hesabu, na kila jioni meza ya chakula hufunikwa na madaftari ya watoto wa watu. Wanakaa ghorofa ya tano, kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unaweza kumwitikia. Mkwe wetu ni fundi wa lifti. Husema kazi yake ni kupandisha watu na kuwashusha, na kwamba hata waziri hamfikii. Ni mtu wa masihara, lakini ana adabu, na tangu nifike hajaniacha nibebe hata mfuko wa mkate. Nimekuwa nao wiki ya tano sasa. Walinitumia tiketi nije nipumzike kwa kutimiza miaka sitini, nami nikakubali upesi kuliko walivyotegemea. Sababu yake utaijua.

Kuna mkahawa katikati ya mji huu, juu kabisa ya jengo la ghorofa kumi na saba, ambao lifti yake huhudumiwa na mkwe wetu. Watu husubiri miezi miwili kupata meza. Yeye alimwomba mwenye mkahawa, akapewa meza ya dirishani ndani ya siku nne, kwa heshima tu ya kwamba lifti yao haijawahi kukwama na mgeni. Bei sitaitaja, nisije nikakukasirisha na jambo dogo kabla ya kubwa. Mwanetu alininunulia gauni la rangi ya zambarau, akanipaka mafuta mikono, akanisuka mwenyewe. Alikuwa na furaha kama mtoto anayempeleka mzazi wake shuleni kuona darasa lake.

Hapa nikuambie jambo ambalo hata yeye hakulijua siku hiyo. Kwa miaka kadhaa chakula kilikuwa hakinipi ladha. Haikukatika ghafla, ilipungua kidogo kidogo, kama redio ambayo mtu aliye chumba cha pili anaipunguza sauti. Nami nilisingizia kila kitu isipokuwa nafsi yangu. Nilisema chumvi ya siku hizi inachanganywa na chokaa. Nikabadilisha muuza chumvi mara tatu, na wa mwisho nilimtukana mbele ya wateja wake hadi akafunga duka. Nilisema vitunguu vya sasa vinakuzwa harakaharaka, nyama imelala kwenye barafu, maji ya bomba yamejaa dawa. Ndiyo sababu tiketi niliipokea upesi, nikaonje vyakula vya kwingine; na mkwe alipoutaja mkahawa ule, nikasikia unanunua vitu vyake kutoka mashamba yake wenyewe, na wapishi wake wamesomea, moyo uliniruka. Nilijiambia kwamba nikila pale nikasikia ladha, basi ubovu ni wa soko letu na ulimi wangu ni mzima. Niliingia kwenye lifti ile roho mkononi, wao wakidhani naogopa kwenda juu.

Mahali penyewe ni pazuri, sitasema uongo. Sakafu inang'aa, mtu anajiona mpaka shingo. Vitambaa vya meza vimenyooshwa bila kunjo hata moja, nikakukumbuka wewe na pasi yako. Wahudumu wanatembea bila kishindo, na kila mmoja ana kitambaa cheupe mkononi kama mtu aliyevunjika kiganja. Kwanza ililetwa supu. Bakuli lilikuwa kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto, na supu yenyewe vijiko sita. Mkwe akaninong'oneza kwamba hapa mtu anashiba kwa kutazama bakuli. Tukacheka. Nikatia kijiko mdomoni, na kicheko kikafia hapo hapo.

Yalikuwa maji ya moto. Nilimeza, nikanywa kingine. Maji ya moto tena, mazito kidogo. Niliwatazama wenzangu, mwanetu amefumba macho kwa utamu, mkwe anafuta bakuli kwa mkate. Nikajipa moyo kwamba labda supu kwao ndivyo ilivyo, ya kuanzia tu, na kwamba chakula chenyewe kinakuja. Kikaja. Samaki kipande kama kiganja changu, katikati ya sahani pana kama ungo, juu yake majani mawili na matone ya mchuzi wa rangi ya dhahabu yaliyopangwa kama vifungo. Nilikata, nikatafuna. Mdogo wangu, nilikuwa natafuna pamba iliyoloa.

Hofu ilinipanda, na wewe unanijua, mimi hofu yangu hutoka nje ikiwa imevaa hasira. Nilimwambia mwanetu amwite mhudumu amweleze kwamba samaki huyu hakutiwa chumvi. Mwanetu alinisihi kwa sauti ya chini, akasema wake ni mtamu sana. Nikamwambia mtu aliyepika miaka arobaini hafundishwi chumvi na mwalimu wa hesabu. Mhudumu akaja, akainama, akaichukua sahani. Ikarudi na samaki mwingine na kisahani cha mchuzi wa ziada. Nikaonja, nikairudisha. Nilisema sasa wanafanya makusudi, wamemwona mgeni asiyejua lugha yao wakadhani hajui na chakula. Watu wa meza za jirani walianza kugeuka. Mkwe wetu alikuwa anakunja kitambaa chake, anakikunjua, anakikunja. Ikaletwa mara ya tatu, na mara hii mwenye mkahawa akaja nayo mwenyewe, mtu mrefu mwenye tabasamu la kubandika. Alisimama mpaka nikatia kijiko mdomoni. Nikakiweka chini, nikaisukuma sahani kumrudishia, ya tatu hiyo, nikasema kwa sauti, watu wote wakasikia hata wasioelewa, kwamba kwetu chakula kama hiki hatumpi hata mgonjwa.

Mwanetu hakutafsiri. Lakini hakukuwa na haja, sura yangu ilitosha. Mwenye mkahawa akageuka kuelekea jikoni, akapunga vidole viwili, mlango ukafunguliwa akatoka mpishi.

Nilitegemea kijana wa kofia ndefu. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mnene wa mikono, miguu imevimba kwenye viatu vya mpira, na kwenye mkono wa kulia ana alama za kuungua mpaka kiwikoni, zile zile tulizo nazo mimi na wewe. Bosi wake alimsemesha mbele yetu maneno ambayo sikuyaelewa, ila nilielewa yeye alivyoyapokea, ameshusha macho na kuyashika mapindo ya aproni. Nilimwona, na badala ya kumhurumia nikaona nafuu. Nilisema moyoni, sasa amepatikana mwenye kosa.

Yule mama akatoa kijiko mfukoni mwa aproni, akachota kwenye sahani yangu, akaonja. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu. Kisha akanitazama, si kwa hasira. Akamuuliza mwanetu kazi yangu ni nini. Mwanetu akamjibu kwamba mama yake ni mpishi, anapikia harusi na misiba na mikutano, watu mia nane kwa siku moja. Yule mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa keshalijua, akaenda zake jikoni. Akarudi na vikombe vitatu vidogo kwenye sinia. Alimwomba mwanetu aniambie nifumbe macho.

Nilifumba. Akaniwekea kijiko cha kwanza, nikasema maji. Cha pili, nikasema maji. Cha tatu, nikasema hayo pia ni maji, na mchezo huu wa kitoto uishe. Nikasikia kiti kinasogea. Nilipofumbua macho mwanetu alikuwa amefunika uso kwa viganja viwili analia, maana kile cha tatu kilikuwa siki kali ambayo yeye aliinusa kutoka alikokaa. Cha kwanza kilikuwa chumvi, cha pili sukari. Mkwe wetu aliviangalia vikombe vile kama vimewekwa na mchawi.

Yule mpishi akanishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito na wa moto, mkono wa mtu wa jikoni. Akauliza jambo moja, na mwanetu akanitafsiria huku akifuta pua, kwamba anataka kujua tangu lini. Nikasema sijui. Nilisema sijui, mdogo wangu, na nilikuwa najua mpaka siku yenyewe, na saa, na sufuria.

Siku ya tatu yake mwanetu alinipeleka kwa daktari. Alinibandika vijikaratasi ulimini, akaninusisha vichupa, akanimulika puani na tochi. Aliniuliza kama niliwahi kuumwa homa kali au kuanguka nikaumia kichwa. Nikamkumbusha mwanetu ile homa iliyonilaza wiki mbili mwaka uliotangulia harusi ile unayoijua. Daktari akasema huenda ndipo mishipa ilipoanza kufa, na iliyokufa imekufa. Dawa hana. Nilimuuliza mara mbili, nikamwambia mwanetu amuulize kwa namna nyingine, pengine lugha imekosewa. Jibu lilikuwa lile lile.

Tangu hapo nakula kwa sababu saa imefika. Mkate, embe, sabuni, vyote kimoja kwangu. Juzi niliacha jiko la gesi wazi, mwanetu akarudi akakuta nyumba imejaa harufu, mimi nimekaa kwenye kiti hapo hapo nachambua mchele, sijui lolote. Sasa wamenizuia kugusa jiko. Nakaa dirishani natazama watu wanaopita na mifuko ya sokoni, na nawaonea wivu mpaka kifua kinauma. Kazi ninayoijua ni moja tu, mdogo wangu, na imenifia mdomoni. Sina mbele wala nyuma.

Lakini sikukuandikia unipe pole. Pole yako siistahili hata kidogo, na sasa nitakuambia kwa nini.

Unakumbuka sheria ya mama. Jikoni mwetu wakate vitunguu watu kumi, wakoroge kumi, lakini mkono wa chumvi ni mmoja. Aliyepewa kopo la chumvi siku hiyo ndiye peke yake anayetia, na mwingine yeyote hata akiona chakula kimepooza amwite, asiguse. Na mwaka wa harusi ile mama akiwa ameshazeeka, amekaa kwenye kiti chake pale mlangoni mwa jiko, alikukabidhi wewe kopo. Si mimi mkubwa. Wewe. Alisema mbele ya wasaidizi wote kwamba wewe ndiye mwenye mkono. Nilikupongeza, tukakumbatiana, na usiku ule sikula.

Siku ya harusi ya binti wa yule mwenye karakana ya magari, wewe ulitia chumvi kwenye masufuria yote sita ya nyama mapema, ukaenda kuhesabu sahani. Mimi nikapita kuonja. Sikusikia kitu. Nikasema moyoni, huyu kapewa kopo limempanda kichwani, kasahau chumvi yenyewe. Nilitakiwa kukuita. Ulikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Sikukuita, kwa sababu nilitaka chakula kiwe kizuri kwa mkono wangu, na baadaye nimwambie mama kwamba mteule wake alisahau nikamfichia aibu. Nikatia konzi mbili kila sufuria. Nikaonja, bado hakuna kitu. Nikatia ya tatu.

Yaliyofuata uliyabeba wewe. Wageni walivyotema kwenye leso. Bwana harusi anakunywa maji kama ng'ombe. Baba wa bibi harusi anavyokuja jikoni na sahani yake, anaiweka miguuni pa mama. Na watu wote walikuwa wanajua nani ana kopo. Uliapa kwamba umetia mara moja tu. Ulinigeukia mimi, dada yako, ukaniomba niseme kama nilikuona ukitia mara ya pili. Nami nikasema labda umesahau, kazi ni nyingi, binadamu husahau. Nilisema kwa upole kabisa, nikakushika na bega. Mama akanyoosha mkono, ukampa kopo, ukavua aproni, ukatoka kwa mlango wa nyuma. Kazi zote za mwezi ule zilifutwa, na kila aliyefuta alikutaja wewe.

Kwa hiyo yule mpishi aliponiuliza tangu lini, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza kuonja nisisikie kitu kabisa.

Ningeweza kuishia hapa, ukanichukia kwa hili, na lingetosha. Nimeandika ukurasa huu na kuuchana mara nne. Lakini liko lililo baya zaidi, nalo hulijui, na mpaka jana hapakuwa na mtu mwingine aliye hai aliyelijua.

Mama alijua. Katika ule ugonjwa wake wa mwisho, jirani yetu mshonaji alimletea uji asubuhi moja. Mama alionja, akanipa kijiko na mimi, akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikaonja, nikamwambia imetosha barabara. Akakichukua kijiko mkononi mwangu. Akasema uji huu hauna chumvi hata chembe, daktari amemkataza, na mshonaji anajua. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, siku ya harusi ile ni nani aliyetia mara ya pili. Mama unamjua. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda nikamwambia kila kitu. Nililia, yeye hakulia. Alisema maneno matatu: “Kamwite mwenzio, aje.”

Nilitoka chumbani nikiwa na nia ya kukuita. Naapa nilikuwa nayo. Nikafika uani nikawakuta wasaidizi wanaosha mapipa ya kazi ya kesho yake. Kazi zilikuwa zimeanza kurudi, kwa jina langu sasa. Nikafikiri, akija, mama atasema mbele ya watu. Watu watajua nimemchafua mdogo wangu, na watajua kwamba mpishi wao hana ulimi. Nikajiambia haya ya uji ni uchovu wa kuuguza, ladha itarudi, nitamwita kesho. Kesho yake mama akauliza kama umekuja. Nikamjibu nimekutumia salamu, na umesema hutaki kuja.

Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Kila siku aliuliza, na kila siku nilikuwa nimekutumia salamu, na kila siku ulikuwa umekataa. Mara nyingine nilitia na sababu, kwamba una kazi, kwamba umesema umeshasahau kama ulikuwa na mama. Ndiyo, hilo nalo nilimwambia.

Na wewe ulikuja. Ulisikia kwa watu kwamba anaumwa, ukaja mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa na mfuko wa machungwa na nguo bado zina mvuke wa pasi. Nikakusimamisha mlangoni nikakuambia mama hataki kukuona, kwamba akisikia jina lako presha inapanda. Ukaniuliza kama amesema hivyo kwa mdomo wake. Nikasema kwa mdomo wake. Kati yako na kitanda chake palikuwa na ukumbi na pazia. Alisikia sauti, akaniuliza nilikuwa naongea na nani. Nikamwambia ni muuza mkaa. Machungwa yako nilimkamulia, akanywa, akasema ni matamu, na mimi nikaitikia kwamba ni matamu kweli.

Mara ya pili ulisimama nje ya uzio tu, hukubisha. Nilikuona dirishani. Nikavuta pazia.

Siku ya kumi na moja hakuuliza. Nilikuwa namfuta uso kwa maji ya vuguvugu, akanishika mkono, akaniambia nikufikishie maneno yake kwa kuwa wewe hutaki kuja. Alisema hivi: “Mwambie sikumkasirikia kwa kutokuja. Hata mimi nisingekuja.” Kabla ya adhuhuri akatutoka.

Mazishini ulikaa nyuma kabisa, pamoja na watu wa mbali, kwa sababu uliamini hukutakiwa. Nami nilikaa mbele, watu wakanishika mikono na kunisifu kwa kuuguza. Ulipotupa konzi yako ya udongo hukunitazama. Nilishukuru.

Nimemsimulia mwanetu yote haya jana. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama bibi yake aliteseka. Nikasema ndiyo. Akaenda kusahihisha madaftari, na tangu hapo ananisemesha kwa adabu tu, kama mpangaji. Mkwe wetu amenunua tiketi yangu ya kurudi Ijumaa ijayo. Nikifika nitakwenda kwa yule mwenye karakana, nitakwenda kwa mshonaji na kwa wasaidizi wote, niwaambie mmoja mmoja. Najua haitakurudishia kitu. Jiko nimelifunga. Ufunguo uko kwa mshonaji, nimemwagiza akupe wewe au asimpe mtu. Ukiutupa shimoni, ni haki yako.

Msamaha sikuombi. Nimejaribu kuuandika hapa na mkono umekataa, maana mtu huomba kwa aliyemkosea, na niliowakosea ni wawili, na mmoja hanisikii tena. Wala usidhani kwamba ulimi huu ni adhabu na kwa hiyo tumemalizana. Ulimi umekufa kwa homa. Haya mengine niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu.

Nisalimie shemeji. Wasalimie watoto, na kama ulipata kuwaambia kwamba bibi yao alikukataa, leo kaa nao uwaambie sivyo. Hilo tu ndilo ninalokuomba, tena si kwa ajili yangu. Kurasa zote hizi nimeziandika ili nifikie maneno machache ambayo nilipaswa kukuambia pale mlangoni na nikayameza:

Ingia, mama anakuita.

Ni mimi dada yako.